Chemirocha: wimbo ulioanza na jina

Chipukizi wengi wanaojitegemea jijini Nakuru huanza wimbo kwa biti. Prodyuza anafungua kompyuta, besi na ngoma zinaingia, msanii anamung'unya sauti zisizo na maana juu yake mpaka neno moja likae. Mengine yatalifuata hilo lililokaa. Wapo wanaouita mtindo huu uvivu wa enzi ya kompyuta. Hao wangefaa kusafiri kidogo: wapande hadi Mau Summit, washuke Kericho, wapite mashamba ya chai mpaka Kapkatet. Huko, mwaka 1950, wasichana wa Kikipsigis walionyesha kwamba sauti inaweza kutangulia maana hata pasipo umeme.

Aliyewarekodi ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akinasa muziki, na ambaye mwaka 1954 alianzisha Afrika Kusini maktaba ya muziki wa Afrika inayojulikana kama ILAM. Katika safari hiyo ya Ukipsigis alinasa nyimbo tatu zenye jina moja, Chemirocha. Mbili ni za wanaume. Ya tatu, iliyokuja kusikika hadi ng'ambo, ni ya Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake.

Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyewahi kufanya kazi ya reli, ambaye santuri zake zilifika nyanda hizi pamoja na gramafoni za wageni. Kikalenjin, lugha ya Wakipsigis, hakina sauti ya "j" mwanzoni mwa neno, kwa hiyo Jimmie akawa Chemi. Rodgers akapoteza konsonanti zake za mwisho, akawa rocha. Yakaunganishwa.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Jina lililotokea linaanza na "che", silabi iliyojaa katika majina ya Kikalenjin: Chebet, Chemutai, Chepkoech. Kwa kawaida majina hayo ni ya kike, jambo linaloufanya mchezo wenyewe uchekeshe zaidi. Mgeni asiyejulikana alikotoka akapewa jina linaloweza kuitwa kwa sauti ng'ambo ya mto bila mtu kushangaa. Tena lina silabi nne, zote zikiishia kwa irabu, kwa hiyo linaimbika: unaweza kulivuta, kulikata, au kulirudia kama kiitikio. Kabla ya kuwa na hadithi, wimbo tayari ulikuwa na ala yake ndani ya jina.

Hadithi ikafuata. Kwa maelezo ya Tracey, jina hilo lilikwisha kuenea likimaanisha kitu chochote kipya na kigeni, ila wasichana walikwenda mbali zaidi ya wanaume. Walimpa Chemirocha mwili, nusu mtu, nusu mnyama mwenye miguu ya swala, kisha wakamhimiza acheze ngoma ya kuruka kwa nguvu mpaka nguo zimvuke. Ni utani wa wasichana kwa mwanamume, wa aina inayosikika katika ngoma nyingi. Kilichobadilika ni mtaniwa tu.

La kutazamwa zaidi ni walichokiacha. Rodgers alisifika kwa gitaa lake na kwa kurusha sauti ghafla kutoka kifuani hadi juu kabisa. Wasichana hawakuchukua gitaa wala huko kurusha sauti. Chini yao inapigwa chepkong, ala ya nyuzi ya Wakipsigis, na sauti zao zinakwenda kwa mwendo wa kwao. Wimbo wote haufiki dakika mbili. Anayedhani kuathiriwa na muziki wa nje ni kuiga lafudhi yake angesikiliza rekodi hiyo mara tatu mfululizo.

Baadaye gitaa lilikuja kwa njia nyingine. Kipchamba arap Tapotuk alilifanya liimbe Kikipsigis, na mjini Kericho kwenyewe duka la Chandarana lilikuwa na studio iliyotoa santuri za wanamuziki wa makabila mbalimbali. Hapo umbo la wimbo lilianza kuamriwa na plastiki. Upande mmoja wa santuri ndogo ulibeba dakika chache tu, kwa hiyo benga ndefu ilikatwa sehemu mbili, moja kila upande.

Leo mkasi unaukata wimbo mfupi zaidi. Huduma ya Skiza, iliyoanzishwa na Safaricom mwaka 2009, humpa msikilizaji kipande cha sekunde kadhaa wakati simu inaita, na marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2022 yakaamua kwamba mwenye wimbo apate angalau asilimia 52 ya mapato ya milio hiyo. Kwa msanii asiye na lebo, hiyo ni sababu tosha ya kutafuta neno linalonasa kabla simu haijapokelewa. Nalo kwa kawaida huwa jina, au neno la mtaani lililovunjwa likaundwa upya.

Miongo kadhaa baada ya 1950, studio ya Ketebul ya Nairobi ilishirikiana na ILAM kurudisha rekodi za Tracey kwa Wakipsigis. Rodgers mwenyewe hakuwahi kuusikia wimbo wake. Alifia New York kwa kifua kikuu Mei 1933, miaka 17 kabla ya wasichana wa Kapkatet kumwita aje aruke.