Mvuke, Moshi na Mkono: Uhakiki wa Riwaya ya Everfair ya Nisi Shawl

Utanzu wa fasihi na sanaa unaoitwa stimapanki ulipata jina lake mwaka 1987, pale mwandishi Mmarekani K. W. Jeter alipoliandikia jarida la Locus barua akipendekeza neno la kuzijumuisha riwaya zake na za wenzake Tim Powers na James Blaylock. Kaida yake kuu ni hii: mwandishi huirejea karne ya 19, enzi ya injini ya mvuke, akaibunia historia mkondo mwingine. Katika The Difference Engine (1990), mathalani, William Gibson na Bruce Sterling wanaisawiri Uingereza ambamo mashine ya hesabu ya Charles Babbage imekamilika, na zama za kompyuta zimefika karne nzima kabla ya wakati wake.

Utanzu huu haukukomea kitabuni. Mafundi na wasanii, hasa wa Marekani na Uingereza, waliunda saa, taa, miwani na hata kompyuta zenye vibonye vya taipureta, zote za shaba, mbao na ngozi. Na mwaka 2009 Jumba la Makumbusho ya Historia ya Sayansi mjini Oxford liliwafanyia maonyesho. Falsafa yao ni ya wazi. Chombo cha kisasa cha kiwandani kimefungwa, na mwenye kukitumia hakijui tumboni. Chombo cha stimapanki huonyesha magurudumu yake na alama za aliyekitengeneza. Kinachotukuzwa humo ni mkono wa fundi.

Hapa ndipo swali la uhakiki linapozuka: ni mkono wa nani? Karne ya 19 inayotamaniwa na sanaa hii ndiyo karne ya ubeberu. Mashine zake zilihitaji mpira, shaba na pembe za ndovu, na bidhaa hizo zilikuwa na wachumaji na wachukuzi wake. Michael Moorcock alikwisha kulidokeza suala hili katika The Warlord of the Air (1971), alipozitumia merikebu za angani kuisuta dola ya Kiingereza. Hata hivyo, kazi nyingi zilizofuata zilichukua shaba na kuuacha mgodi. Makala haya yanadai kwamba riwaya ya Everfair (2016), ya mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Kiafrika, Nisi Shawl, inautwaa mkono huo unaotukuzwa na kuufanya shahidi dhidi ya utanzu wenyewe.

Mandhari ya riwaya ni Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kuanzia mwaka 1889 hadi 1919. Wasoshalisti wa Kiingereza na wamisionari Wamarekani weusi wananunua ardhi kutoka kwa Leopold ili kuanzisha nchi huru, kimbilio la waliodhulumiwa. Historia halisi haihitaji kutiwa chumvi. Kabla ya reli ya Matadi hadi Léopoldville (1890–1898), meli za mvuke zilivunjwavunjwa vipande vikapitishwa kando ya maporomoko juu ya vichwa vya wapagazi. Dunlop alipobuni gurudumu la upepo mwaka 1888, mahitaji ya mpira yalipanda, na wanakijiji wakalazimishwa kuugema. Askari wa Leopold walitakiwa kuonyesha mkono uliokatwa kwa kila risasi waliyotumia; palipopungua mikono ya maiti, ikakatwa ya walio hai.

Shawl anaikutanisha mikono hiyo miwili, wa fundi na wa mhanga, katika mhusika Fwendi, msichana aliyekatwa mkono na kupewa mwingine wa shaba. Katika maonyesho ya kawaida ya stimapanki, mkono wa shaba ni pambo la mtu mwenye mikono yake miwili mizima. Kwa Fwendi pambo hilo ni badala ya nyama. Msomaji hawezi kuustaajabia ustadi wake bila kuukumbuka mpira. Aidha, Fwendi habaki kuwa mtu wa kuhurumiwa: anakua, anakuwa jasusi wa nchi yake, na kilema alichotiwa ili kiwatishe wengine kinakuwa sehemu ya upinzani. Hali kadhalika, mitumbwi ya hewani ya Everfair huchemshiwa mvuke kwa madini ambayo siri yake inatunzwa na makuhani wa Bah-Sangah. Maarifa ya mashine, basi, hayateremki kutoka Ulaya peke yake.

Hata hivyo, riwaya ina udhaifu. Sura zake ni fupi, wasimulizi ni wengi, na miaka hurukwa. Matokeo yake ni kwamba mijadala ya waasisi na mapenzi yao inapata nafasi kubwa kuliko karakana. Mkono wa shaba tunauona ukifanya kazi zaidi ya tunavyouona ukitengenezwa. Kwa upande mwingine, Shawl hakwepi swali la ardhi: Mfalme Mwenda hakuiuza nchi yake, na mauzo ya Leopold hayakuwa na uhalali wowote kwake. Ndoto ya walowezi wema imesimama juu ya hati ya mwizi, na mvutano huo ndio unaoiokoa riwaya isiwe hadithi ya wakombozi.

Kwa mhakiki wa Kiswahili, suala hili haliko mbali. Lugha hii iliipokea mashine ya mvuke kwa majina mawili. Gari la moshi limetajwa kwa kile akionacho aliyesimama kando ya reli: mvuke uko ndani pamoja na dereva, moshi ni wa anayeachwa nyuma. Stima, kwa upande wake, ilianza kuwa meli na leo nchini Kenya ni umeme. Mashine imebadilika, jina limebaki kwa watumiaji. Katika Walenisi (1995), Katama Mkangi tayari alionyesha njia: chombo anachorushwa nacho Dzombo kama adhabu ya kifo kinamfikisha kwenye jamii ya haki. Chombo cha mtesi kinageuka cha ukombozi, kama ule mkono wa Fwendi. Lakini Mkangi aliangalia nchi ya mbali ijayo, ilhali Shawl anarudi kwenye jeraha lenyewe. Njia ya pili bado haijakanyagwa vya kutosha katika riwaya ya Kiswahili, ijapokuwa reli ya Mombasa hadi Kisumu (1896–1901) iliacha makaburi ya kutosha kuisimulia.

Thamani ya Everfair, kwa hiyo, haimo katika kuwapa Waafrika mitumbwi ya hewani. Imo katika kukataa kuutazama ufundi bila kuuliza gharama yake ililipwa na nani. Shaba ing'aavyo, kuna aliyeichimba.