Sifa za Mwandika Hitilafu

Fundi anayefufua injini iliyokufa hupata sifa papo hapo. Leo sifa zangu nampa mwenzake, yule anayekaa na daftari akaandika pampu imezimika lini, ilikuwa imefanya kazi saa ngapi, na kilichoharibika hasa ni nini.

Tuchukue ukurasa mmoja wa daftari kama hilo. Pampu ya maji: jumla ya saa 4,000, hitilafu 5. Ukigawanya unapata wastani wa saa 800 kati ya hitilafu moja na nyingine. Mwenye pupa ataishia hapo, apange sevisi kila saa 700. Mwandishi hodari harudishi kalamu mfukoni. Anapitia mstari baada ya mstari na kukuta hitilafu tatu zilitokea ndani ya saa 50 baada ya pampu kufunguliwa na kufungwa: sili imekaa upande, shafti ya pampu haikulingana na ya mota. Wastani haujabadilika, ila sasa tunajua kwamba sevisi za mara kwa mara zingeiumiza zaidi.

Jambo hili liliwahi kuonekana vitani. Katika Vita Kuu ya Pili, kikosi cha jeshi la anga la Uingereza kilichowinda nyambizi za Ujerumani kilikuwa na ndege nyingi zilizokwama kwenye matengenezo. Kati ya wanasayansi waliokisaidia alikuwemo C. H. Waddington, mwanabiolojia aliyezoea kuchunguza viinitete, si propela. Ndege zilikaguliwa kila baada ya saa 50 za kuruka. Wao wakahesabu hitilafu za ghafla kwa kufuata saa zilizopita tangu ukaguzi. Ungetarajia ziwe chache mwanzoni, kisha ziongezeke. Ikawa kinyume: zilijaa mara tu baada ya ukaguzi, halafu zikapungua. Mikono ya kukagua ilikuwa inavuruga vilivyokuwa vimetulia! Muda kati ya ukaguzi ukarefushwa, na ndege zikaruka zaidi. Simulizi kamili ilichapishwa kitabuni mwaka 1973.

Mwaka 1978, Nowlan na Heap wa shirika la ndege la United waliiandikia Wizara ya Ulinzi ya Marekani ripoti iliyokwenda mbali zaidi. Katika vifaa vya ndege walivyochunguza, asilimia 11 tu ndivyo vilivyoonyesha dalili za kuchakaa kwa umri. Asilimia 68 vilisumbua vikiwa vipya, kisha vikatulia. Imani ya vizazi vya mafundi, kwamba kila kifaa kina siku yake ya kubadilishwa, iliondolewa na watu waliokuwa na kumbukumbu safi.

Usafi huo ndio ugumu wa kazi yenyewe. Neno "imeharibika" halimsaidii mpangaji. Anataka kujua kama ni beringi, sili au waya. Kisha kuna kosa linalowanasa hata wenye bidii: kuandika mashine zilizozimika tu. Pampu kumi zikifungwa siku moja na mbili zikafa, zile nane zinazounguruma bado zina saa zake, nazo lazima ziingie kwenye jumla. Ukiziacha, pampu zote zitaonekana mbovu kuliko zilivyo, na stoo itajazwa spea zisizohitajika. Mwandishi mzuri huzipitia hizo nane pia, asome mita ya kila moja na kuandika tarakimu, ingawa hakuna aliyelalamika.