Sikio la Daktari

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walisikiliza kanda za madaktari wakizungumza na wagonjwa wao. Wagonjwa wengi walikatizwa kauli, kwa wastani sekunde 18 tu tangu waanze kujieleza.

Sekunde 18 hazimtoshi mama wa Mbagala hata kumaliza salamu. Yeye haanzi na ugonjwa. Anaanza na msiba wa shemeji, na safari ya basi, na dawa za miti alizopewa kijijini, kisha katikati ya hayo anapitisha kwamba siku hizi usiku analowa jasho hadi anabadilisha kanga. Hapo ndipo kifua kikuu kilipojificha. Daktari mwenye haraka amekwisha kumwandikia dawa ya malaria.

Kuchukua historia ya mgonjwa ni ufundi, nami nauheshimu kuliko mashine yoyote iliyofungwa hospitalini. Mashine hupima kile ilichoambiwa ipime. Lakini ufundi huu unafundishwa wapi? Si kwenye meza ya kupasulia maiti. Rita Charon, daktari wa New York aliyerudi darasani kusomea fasihi hadi akapata shahada ya uzamivu, alianzisha mwaka 2000, katika Chuo Kikuu cha Columbia, programu ya kuwafundisha matabibu kusoma hadithi kwa makini: nani anasimulia, anaruka nini, kwa nini anarudia jambo lilelile. Wanafunzi wake huwa na faili la pili pia, la kuandika yasiyo na nafasi kwenye faili la wodini, kwa mfano kwamba mzee wa kitanda kile anamkumbusha mtu marehemu babu yake.

Mtasema foleni ni ndefu. Ni kweli; ila ugonjwa uliokosewa humrudisha mgonjwa kwenye foleni ileile.

Hata hivyo sidai kwamba fasihi humpa mtu hekima. Anton Chekhov, daktari na mwandishi, alikwenda mwaka 1890 katika kisiwa cha Sakhalin, walikohamishiwa wafungwa wa Urusi, akapita nyumba kwa nyumba akiwahoji na kujaza kadi zipatazo 10,000. Sikio kama hilo ni adimu. Na mtu huyohuyo, aliyeanza kukohoa damu tangu 1884, aliwakwepa madaktari wenzake wasimpime kifua mpaka 1897, damu ilipomtoka kwa wingi mgahawani mjini Moscow, chakula kikiwa mezani.