Mita ya Kubana Waya

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji ilitua Unyanyembe, penye Tabora ya leo, na hapo pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila na nguo kwa doti ya mikono minane. Asiyejua vipimo alipunjwa. Leo wenye mashine wa Tabora hununua bidhaa isiyoonekana wala kushikika, nayo ni umeme. Fundi aijuaye mita ya kubana anastahili heshima ileile aliyopewa mpimaji mwaminifu, kwa sababu kazi yake haiishii kusoma namba. Anafikiri kwanza ndipo apime.

Mita hii haikati waya wala haisimamishi kazi. Mashine ya kukoboa mpunga inaunguruma, fundi anafungua taya na kuuzungushia waya mmoja. Mkondo wa umeme huzaa usumaku kuuzunguka waya, chuma kilicho ndani ya taya huukusanya, na kioo huonyesha ampea. Taya zikikumbatia fezi na nyutro pamoja, sumaku hizo mbili hufutana na mita husoma sifuri ilhali mashine inakula umeme. Anayeanza kazi hudhani mita ni mbovu. Fundi hasa huigeuza hali hiyo kuwa kipimo: isiposoma sifuri, kuna umeme unaovuja kwenda ardhini. Tena ampea peke yake si nguvu. Mota ya volti 230 inayovuta ampea 10 huonekana kula wati 2,300, kumbe inaweza kuwa inatumia 1,840 tu, kwa kuwa mkondo wake hauendi sambamba na volti. Ndiyo maana mita za kupima nguvu husoma volti na mkondo kwa wakati mmoja.

Wapo watakaosema Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, inatosha. Luku hupima kwa usahihi zaidi, nakubali, lakini huhesabu uniti za jengo zima. Haikwambii ni mota ipi inayozimaliza. Wengine huamini kiganja cha fundi mzoefu juu ya mota. Kiganja huhisi joto, na joto huja madhara yakiwa yameshaanza. Mota ya fezi tatu ikipoteza fezi moja inaweza kuendelea kuzunguka, huku waya mbili zilizobaki zikizidiwa hadi koili ziungue. Mita ya kubana huliona hilo mara moja, waya kwa waya.

Basi, mwenye mashine, kabla hujalipia mota mpya, mwombe fundi apime kila waya mbele yako, mashine ikiwa kazini.