Mnamtembelea Nani?

Tulikuwa tumetoka Lushoto alfajiri, tukapita pembeni mwa msitu wa Magamba, na jua lilipokwisha kutoka tukakutana na mama mmoja aliyejitwika mzigo wa majani ya ng'ombe. Tukamwamkia. Akaitikia marahaba huku anakwenda, kisha akasimama. "Mwenda wapi, wanangu?" Nikamwambia tunatembea tu, mpaka Mtae. Alitutazama: mabegi mgongoni, hema limefungwa juu ya begi la mwenzangu, sufuria inaning'inia. "Na huko Mtae mnamtembelea nani?"

Lilikuwa swali la haki. Katika Kiswahili kutembea ni kwenda kwa miguu, na kutembea ni kwenda kwa mtu. Aliyetoka kwake na chombo cha kupikia na mahali pa kulala, akakata milima siku tatu, bila shaka ana mwenyeji anayemngoja mbele. Sikupata jibu siku ile. Kila ninapofunga begi kurudi Usambara, swali la yule mama hunijia kabla sijahesabu soksi.

Nimekulia Muheza. Upande wa magharibi, asubuhi, Usambara Mashariki ilikuwa ukuta wa samawati. Ikifika mchana mawingu yamekwisha kuufunika. Watu walikwea kwenda Amani kwa sababu zinazoeleweka: kazi, msiba, chai, iliki. Sikusikia mtu mzima hata mmoja akisema, twendeni tukatembee. Na kumbe maji ya bomba ya Tanga hutoka Mto Zigi, na Zigi inaanzia katika misitu ile. Mlima tulikuwa tukiunywa kila siku, ila hatujaukanyaga. Amani hunyeshewa karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kwa kuwa pepo za Bahari ya Hindi zikitoka pwani ukuta wa kwanza kuugonga ni ule. Ukivuka Usambara Magharibi ukateremka upande wa Mkomazi, hukuti hata nusu ya mvua hiyo. Wasambaa wana maneno mawili kwa nchi hizi mbili: shambaai, nchi ya juu yenye maji na migomba, na nyika, nchi kavu ya chini. Kwenye genge la Irente unasimama penye shambaai na miguu yako inaitazama nyika karibu mita 1,000 chini, mashamba ya mkonge yamepigwa mistari kama kitambaa.

Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Taita, Kenya, ukashuka hadi Udzungwa. Haikuzaliwa na volkano kama Kilimanjaro. Ni miamba mikongwe iliyoinuliwa, na mvua ikaichonga muda mrefu. Ndiyo maana haina kilele kimoja cha kukimbilia. Ina migongo, na kati ya mgongo na mgongo kuna bonde, na bondeni kuna mto. Kwa siku moja utapanda na kuteremka mara nne au tano. Mtu akiniuliza ufundi wa kutembea milimani uko wapi, nitamjibu uko kwenye mteremko. Kupanda ni jasho, na jasho kila mtu analo.

Kuteremka kunaanza nyumbani, kwa mkasi. Kata kucha za miguu siku mbili kabla ya safari, maana kucha ndefu ikigonga mbele ya kiatu tangu asubuhi hadi jioni, hulala nyeusi. Kamba za kiatu hulegezwa kidogo wakati wa kupanda, zikakazwa juu ya kiwiko cha mguu kabla ya kushuka, ili mguu usitambae mbele. Magoti yabaki yamelegea, hatua ziwe fupi hadi uone haya. Kwenye udongo mwekundu ulionyeshewa, mwili ugeuzwe ubavu, ukingo wa kiatu ndio uiume ardhi. Mzee aliyetuongoza alivaa raba zilizokatika kisigino, na sikumwona akiteleza. Nilimfuata nyuma nikiitazama miguu yake. Ilikuwa haikanyagi jiwe linalong'aa, wala mzizi, na ilipofika mahali pabaya ilipunguza mwendo hatua tatu kabla, si pale penyewe.

Kwa upande wa kupanda alitupa kipimo kimoja tu: mazungumzo. Yeye alikuwa akituhadithia habari za mashamba, na kila mara alitupia swali. Mtu akijibu kwa neno moja, alipunguza mwendo bila kusema kitu. Ukiweza kumaliza sentensi, pumzi yako na mlima vimepatana. Tangu hapo sijapata kipimo bora, na nimetumia saa zinazohesabu mapigo ya moyo.

Lakini siku niliyoujua ufundi wake hasa ni siku ya pili, baada ya Lukozi. Tuliacha mashamba ya kabichi na karoti, tukashika njia ya mgongoni, na ukungu ukatushukia. Tuliolelewa pwani tunaujua ukungu wa asubuhi unaokaa juu ya maji, lakini huu ulikuja mchana, kwa kasi, na kwa dakika chache sikumwona mwenzangu aliyekuwa hatua kumi mbele. Njia iligawanyika. Mimi nilitoa simu nikatafuta ramani. Mzee akaketi juu ya jiwe, akavua kofia.

"Nyamazeni kidogo," akasema.

Tukanyamaza. Kwanza sikusikia lolote. Kisha shoka, mbali, kulia. Kisha jogoo, chini kabisa. Mzee aliendelea kungoja, kichwa ameinamisha kama mtu aliye mbele ya radio. Hatimaye ikaanza mashine ya kusaga, mlio wake ukikatika na kurudi. Akainuka. "Ile ina mkanda uliolegea, nimewaambia tangu Ramadhani. Iko ng'ambo ya bonde. Basi njia yetu ni hii ya kushoto." Tukaenda kushoto, na baada ya nusu saa tukatokea penye mti aliokuwa ametutajia kabla ya ukungu.

Sidhani kama nimewahi kuona ujuzi mkamilifu kuliko ule. Hakuisoma milima kama pori tupu. Aliijua kwa watu waliomo: nani anapasua kuni saa ile, mashine ipi ina hitilafu gani. Njia za Usambara nyingi hazikukatwa kwa ajili yetu wenye mabegi. Ni za shule, za soko, za kanisa na msikiti, za jeneza. Anayezipita anapita uani kwa watu, na salamu ni sehemu ya ufundi kama vile hatua fupi.

Jambo la kambi nitalisema kwa ufupi, ingawa usiku ndio niupendao. Mahali pa hema huchaguliwa jua likingalipo, kwa sababu katika nchi zetu za ikweta magharibi ni mafupi. Jua likizama, nusu saa haiishi giza limeingia. Bondeni usilale, baridi yote ya mlima huteremka kukaa huko. Juu kabisa ya mgongo napo upepo utalipigia hema ngoma. Palipo pazuri ni chini kidogo ya mgongo, upande usioelekea upepo, mbali na mti wenye matawi makavu. Kabla ya kupigilia vigingi, mzee alizunguka ameinama akitafuta njia ya siafu. Na nguo moja kavu ya kulalia isivaliwe mchana hata ukilowa vipi. Usiku wa manane perere alilia. Mnyama yule hazidi ukubwa wa sungura, lakini kilio chake hupanda ngazi kwa ngazi hadi unadhani mtu anakabwa. Mwenzangu aliamka akanishika mkono. Tulikaa hivyo tukisikiliza, na mwingine akamjibu kutoka ng'ambo.

Nimesikia mara nyingi kwamba kutembea milimani ni mambo ya wageni. Inaniuma. Abdallah bin Hemedi aliyeandika Habari za Wakilindi anamsimulia Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu na mbwa wake, akizunguka milimani akiua nguruwe waliokula mazao ya watu, akawagawia nyama, mpaka Wasambaa wakamfanya mtawala wao huko Vugha. Ufalme mzima ulianza kwa mtu aliyejua kwenda kwa miguu na kufika kwa watu na kitu mkononi. Sisi tunapanda basi Mombo, tunashuka Lushoto, tunapiga picha Irente na kurudi, huku vijana wa kutoka Ulaya wakishinda siku nne njiani hadi Mtae na kuyajua majina ya vijiji tusivyovijua.

Asubuhi ya mwisho tuliamka juu ya bonde la Mkomazi. Mbele, Upare ulikuwa umekaa kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Nilianza kukunja hema haraka, likiwa limelowa umande, maana nilitaka kufika Mtae kabla ya joto. Mzee akalichukua mikononi mwangu, akalitandaza juu ya mwamba, akaketi kando yake. Hema bichi, alisema, ni mzigo wa watu wawili. Tukala mapeasi tuliyopewa njiani, tukalingoja jua lifanye kazi yake.

Lilipokauka akarudi pale tulipolala. Majani yalikuwa yamelala mstatili mzima, alama ya miili yetu. Akachukua fimbo yake, akaanza kuyainua, fungu kwa fungu, akiyatikisa umande. Nikaweka begi chini, nikakata kijiti, nikaanzia upande wa pili.