Ndoto au Ukumbusho? Tazamo la Picha za Sammy Baloji

Mtu anayekutana kwa mara ya kwanza na Mémoire (2006), mfululizo wa picha za Sammy Baloji, msanii aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, aweza kudhani kwamba anatazama ndoto. Viwanda vilivyochakaa vya Gécamines vimepigwa picha za rangi. Mbele yake wamesimama wafanyakazi wa zama za ukoloni, weusi na weupe wa picha za kale, waliokatwa na kubandikwa hapo. Nyakati mbili zinakaa mahali pamoja. Je, huu ni usurealisti?

Kwa upande wa fani, jibu laweza kuwa ndiyo. Tangu ilani ya André Breton ya mwaka 1924, wasurealisti wa Paris walipenda kukutanisha vitu visivyopatana, na kukata na kubandika picha kulikuwa miongoni mwa mbinu zao. Filamu fupi ya Baloji yenye jina hilohilo nayo yaikaribia njia yao: Faustin Linyekula anacheza dansi katika magofu ya kiwanda, huku hotuba za zamani za wanasiasa zikisikika. Maneno yanaahidi, magofu yanakanusha.

Kwa upande wa maudhui, hata hivyo, hatukubaliani na jibu hilo. Breton alitafuta ukweli katika ndoto na katika fikra zisizotawaliwa na akili. Baloji hakuota, alifungua hifadhi ya nyaraka. Kila aliyebandikwa pale aliishi. Ajabu tunayoiona haikubuniwa na msanii, bali ni zao la historia: Union Minière iliundwa mwaka 1906, ikataifishwa mwaka 1967, na mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ukaporomoka.

Kiswahili cha Katanga kina istilahi inayofaa zaidi. Picha za wachoraji wa miaka ya 1970, kama Tshibumba Kanda-Matulu, ziliitwa za ukumbusho: zilitundikwa nyumbani ili anayezitazama akumbuke na kusimulia. Tulinganishe vitenzi kumbuka na kumbusha. Katika kukumbuka, mtu hujitosheleza. Kiambishi -sh- huleta msababishaji, yaani kitu au mtu anayemfanya mwingine akumbuke. Picha za Baloji zinafanya kazi ya kiambishi hicho.

Lakini hapo ndipo kasoro yake inapojitokeza. Tshibumba aliandika maelezo juu ya turubai zake. Wafanyakazi wa Mémoire wanasimama bila majina. Huenda msanii alikusudia kutuonyesha kimya cha kampuni, iliyowaona kama nguvukazi tu. Hata hivyo, hapa Sandoa, walikotoka vijana waliokwenda kufanya kazi migodini, mtazamaji haoni ishara ya tabaka la wafanyakazi. Anatafuta sura ya babu yake.

Ukumbusho usio na jina hukumbusha nusu. Nusu iliyobaki haimo katika uwezo wa kamera. Imo vinywani mwa wazee, na ni wajibu wetu, walimu na wanafunzi wa lugha, kuwapelekea picha hizi, kuwauliza na kuyaandika masimulizi yao wangali hai. Uhakiki unaoishia kwenye jina la mkondo wa Paris utakuwa umeukwepa wajibu huo.