Pauni milioni 162: jinsi shule za England zilivyopigania fedha za michezo

Tarehe 20 Oktoba 2010, Waziri wa Fedha wa Uingereza, George Osborne, alisoma bungeni mpango wa kubana matumizi ya serikali kwa pauni bilioni 81 katika miaka minne. Siku hiyohiyo Waziri wa Elimu, Michael Gove, alimwandikia barua Baroness Sue Campbell, mwenyekiti wa shirika la Youth Sport Trust. Barua ilieleza kwamba pauni milioni 162 zilizokuwa zikitengwa kila mwaka kwa ajili ya ubia wa michezo ya shule zingekoma mwishoni mwa Machi 2011. Miezi miwili kamili baadaye, tarehe 20 Desemba, waziri huyohuyo alitangaza kurudisha sehemu ya fedha hizo. Katika serikali ya mseto iliyokuwa na umri wa miezi saba, na iliyojinadi kwa ukali wake wa kukata bajeti, hilo lilikuwa jambo la nadra.

Ili kuelewa upinzani ulivyojengwa, kwanza ieleweke kilichokuwa kikikatwa. Ubia huo ulihusu England peke yake, kwani Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina mamlaka zao za elimu. Kulikuwa na ubia wapatao 450 nchi nzima, na kila mmoja ulikuwa na kitovu chake, kwa kawaida shule ya sekondari iliyobobea katika michezo. Hapo ndipo alipokaa meneja wa ubia. Chini yake kulikuwa na waratibu katika sekondari za jirani, walimu waliotolewa darasani siku mbili au tatu kwa wiki. Chini zaidi, kila shule ya msingi ilikuwa na mwalimu kiungo aliyepewa siku 12 kwa mwaka. Kwa jumla, waratibu walikuwa kama 3,200 na walimu viungo kama 18,000. Pauni milioni 162 zikigawanywa kwa ubia 450, kila mmoja unapata wastani wa pauni 360,000, na karibu zote zilikuwa zikinunua kitu kimoja: saa za walimu.

Kazi ya mratibu haikuwa ya kupigiwa makofi. Ni yeye aliyepiga simu kutafuta nafasi kwenye bwawa la kuogelea, aliyepanga basi moja lizungukie shule nne za msingi ili watoto wafike kwenye bonanza, na aliyemfundisha mwalimu wa darasa la tatu, ambaye hajawahi kufundisha michezo, namna ya kuendesha kipindi cha jimnastiki bila mtoto kuvunjika mkono. Aliwaandaa pia wanafunzi wa sekondari wa miaka 14 na 15 kuwa waamuzi na viongozi wa mashindano ya wadogo zao. Kazi ya namna hii haionekani hadi iachwe, na anayeitazama kutoka wizarani huiona kuwa urasimu. Ndivyo Gove alivyoiita. Hoja yake ilikuwa kwamba walimu wakuu wapewe uhuru wa kuamua wenyewe matumizi ya bajeti zao, na kwamba mfumo wa zamani ulikula fedha nyingi huku watoto wachache mno wakicheza mashindano. Badala yake serikali iliahidi michezo ya shule ya kitaifa yenye sura ya Olimpiki.

Kosa la kwanza la serikali, kwa mtazamo wa mbinu za siasa, lilikuwa kukata chombo ambacho kazi yake yenyewe ilikuwa kuunganisha watu. Kampeni nyingi za mashinani hupoteza wiki za mwanzo zikitafuta orodha ya anwani, wasemaji wa maeneo na mtu wa kuaminika katika kila mji. Hapa vyote vilikuwa tayari. Meneja wa ubia alikuwa na barua pepe ya kila mwalimu mkuu katika eneo lake, alijua ni mzazi gani hujitolea kuendesha klabu ya riadha Jumamosi, na alifahamiana na mwandishi wa gazeti la mji aliyekuwa akichapisha matokeo ya mechi. Ujumbe uliotoka kwenye kitovu ulifika kila shule ndani ya siku moja, kwa njia ileile iliyokuwa ikipeleka ratiba za netiboli.

Youth Sport Trust yenyewe ilikuwa katika nafasi ngumu. Shirika hilo, lililoanzishwa 1995, ndilo lililosimamia ubia kwa fedha za serikali, na lilitarajia kuendelea kufanya kazi na serikali hiyohiyo. Lisingeweza kuongoza maandamano dhidi ya mfadhili wake. Hali hiyo iliifaa kampeni. Sauti iliyosikika ilitoka kwa walimu, wazazi na wanafunzi, na waziri akakosa ofisi moja ya kuinyooshea kidole na kusema kwamba inatetea mishahara yake.

Wasemaji walifuatana kwa mawimbi. Walimu wakuu ndio waliotangulia, na makumi yao walitia saini barua ya wazi. Uzito wa barua hiyo ulitokana na hoja ya Gove mwenyewe. Alikuwa amedai kwamba anawakomboa walimu wakuu kutoka kwenye amri za juu, nao wakamjibu hadharani kwamba hawakuomba ukombozi huo, kwa kuwa shule moja moja isingeweza kununua kwa fungu lake kile ambacho shule hamsini zilinunua pamoja. Likaja wimbi la wanamichezo mashuhuri. Tarehe 28 Novemba gazeti la Observer lilichapisha barua yao kwa Waziri Mkuu David Cameron, yenye majina zaidi ya 70, miongoni mwao Denise Lewis, bingwa wa heptathlon wa Olimpiki ya Sydney 2000. Wimbi la tatu ni wanafunzi wenyewe, na hao ndio waliobeba saini za kupinga uamuzi huo hadi Downing Street, ofisini kwa Waziri Mkuu, mapema Desemba.

Wanafunzi hao walifika katikati ya msimu wa hasira. Tarehe 10 Novemba maandamano ya wanafunzi wa vyuo vikuu dhidi ya kupandishwa kwa ada yaliishia kwa kuvunjwa vioo vya jengo la Millbank, ambako chama cha Conservative kilikuwa na makao yake. Tarehe 9 Desemba, siku Bunge lilipopitisha ada ya hadi pauni 9,000 kwa mwaka, gari la Prince Charles lilishambuliwa barabarani. Serikali ilikuwa na jibu la haraka kwa picha kama hizo: polisi na sheria. Haikuwa na jibu kama hilo kwa watoto waliovaa sare za michezo na kubeba mabunda ya karatasi zenye saini. Madai ya makundi hayo mawili yalitokana na bajeti ileile, lakini moja liliwapa mawaziri kisingizio cha kutosikiliza na jingine likawanyima.

Uwanja wa pili wa mapambano ulikuwa takwimu, na hapo ndipo uchambuzi una mengi ya kutazama. Serikali ilichukua namba mbili kutoka kwenye utafiti wa mwaka wa 2009/10: wanafunzi wawili tu kati ya watano walishindana mara kwa mara ndani ya shule zao, na mmoja tu kati ya watano alishindana mara kwa mara na shule nyingine. Kwa msikilizaji wa redio, hizo ni namba za mfumo ulioshindwa. Lakini katika utafiti huo "mara kwa mara" ilikuwa na kizingiti cha idadi ya mashindano kwa mwaka, na mtoto aliyecheza chini ya kizingiti hakuhesabiwa. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba asilimia 78 ya wanafunzi walishiriki mashindano ya ndani ya shule katika mwaka ule, kutoka asilimia 58 miaka mitatu nyuma, na kwamba walioshindana na shule nyingine walikuwa asilimia 49, kutoka 35. Kuhusu mazoezi kwa jumla, makadirio ya 2002 yalikuwa kwamba robo tu ya wanafunzi walipata saa mbili za michezo kwa wiki, ilhali kufikia 2007/08 walikuwa asilimia 90.

Wanakampeni hawakuhitaji kuagiza utafiti mpya. Walifungua ripoti ya wizara yenyewe na kusoma safu ya jirani. Njia hii ina nguvu kuliko kuleta namba za upande wa pili, kwa sababu waziri hawezi kuzikana bila kukana na zake. Hata hivyo, kuna udhaifu ambao wanakampeni hawakupenda kuugusa. Takwimu zilitolewa na shule zenyewe, ambazo zilikuwa na kila sababu ya kujaza fomu kwa ukarimu, na saa za kipindi hazisemi kama mtoto alitoka jasho au alisimama kwenye foleni akingoja zamu ya mpira. Aliyetaka kuuliza maswali ya haki kuhusu mfumo huo angeyapata hapo. Serikali ilichagua swali la mashindano, ambalo majibu yake yalikuwa tayari kwenye kurasa zake yenyewe.

Bungeni, chama cha Labour kilitumia siku yake ya upinzani, tarehe 30 Novemba, kuleta hoja ya kutaka uamuzi ufikiriwe upya. Andy Burnham, waziri kivuli wa elimu, ndiye aliyeongoza mjadala. Hoja ilishindwa kwa kura, kama ilivyotarajiwa, kwa kuwa serikali ya mseto ilikuwa na wabunge wa kutosha. Faida yake haikuwa kwenye kura. Mjadala uliopangiwa tarehe huipa kampeni siku ya kulenga. Wazazi waliwaandikia wabunge wao kabla ya siku hiyo wakitaja shule za jimbo kwa majina, na mbunge wa chama tawala akalazimika kuamua atasema nini kwa mwalimu mkuu atakayekutana naye Ijumaa jimboni. Mgawanyo wa ubia ulisaidia. Ubia 450 ulienea nchi nzima, kwa hiyo hapakuwa na jimbo la England ambalo mbunge wake angeweza kusema jambo hili haliwahusu watu wake.

Juu ya yote kulikuwa na kalenda. Michezo ya Olimpiki ya London ilibakiza chini ya miaka miwili. Mwaka 2005, huko Singapore, ujumbe wa London ulioongozwa na Sebastian Coe ulishinda uenyeji kwa kuahidi kwamba michezo hiyo ingewavuta vijana wa dunia kwenye michezo, na ulikwenda huko ukiwa na watoto wa shule kutoka London Mashariki. Mwandishi yeyote wa habari aliweza kuiweka ahadi hiyo bega kwa bega na barua ya Gove bila kuongeza neno. Wizara ya Utamaduni na Michezo ilikuwa na Olimpiki ya kulinda, na Wizara ya Afya ilikuwa na unene wa watoto wa kupambana nao, hivyo uamuzi wa wizara moja ukawa mzigo wa wizara tatu. Cameron, ambaye mwishoni mwa Novemba alikuwa bado akiutetea uamuzi bungeni, alianza kulegeza kamba siku chache baadaye.

Tangazo la 20 Desemba lilikuwa na sehemu mbili. Pauni milioni 47 zingeuweka ubia hai hadi mwisho wa muhula wa kiangazi wa 2011. Pauni milioni 65 zingeiwezesha kila sekondari kumtoa darasani mwalimu mmoja wa michezo siku moja kwa wiki, hadi mwaka wa masomo wa 2012/13. Jumla ni pauni milioni 112, na magazeti yaliandika kwamba waziri amesalimu amri. Hesabu haikubaliani nayo kikamilifu, kwani milioni 112 zilitandazwa kwa zaidi ya miaka miwili, mahali ambapo zamani zilikuwa zikitolewa milioni 162 kila mwaka.

Upungufu mkubwa zaidi ulikuwa kwenye muundo. Siku moja ya mwalimu wa sekondari ilirudi, lakini meneja wa ubia hakurudi, wala siku 12 za mwalimu wa shule ya msingi. Kampeni ilikuwa imepaza sauti kuhusu kiasi cha fedha, kwa sababu kiasi ndicho kinachoingia kwenye kichwa cha habari, na serikali ikajibu kwa kiasi. Laiti dai kuu lingekuwa kulinda vitovu 450, hata kwa bajeti iliyopunguzwa nusu, ingekuwa vigumu zaidi kwa wizara kutoa fedha huku ikiuacha uti wa mgongo ukivunjika. Kwa wizara, tangazo la siku tano kabla ya Krismasi lilikuwa funika kombe mwanaharamu apite. Kwa wanakampeni, wengi wao walimu waliokwisha kupewa notisi ya kusitishwa ajira, lilikuwa pumziko la miezi minane.

Baada ya kiangazi cha 2011 ubia uligawanyika. Sehemu nyingine shule zilichanga na kuuendeleza kama huduma ya kulipia, na kwingineko meneja aliondoka na simu zikakosa wa kuzipokea. Barua ya Oktoba 2010 ilikuwa pia imeziondolea shule wajibu wa kukusanya takwimu za utafiti ule wa kila mwaka, kwa hiyo madhara ya mabadiliko hayakuweza kupimwa kwa kipimo kilekile kilichoonyesha mafanikio. Kati ya yote yaliyopotea, hilo lilipata mjadala mdogo kuliko yote.

Februari 2013 ripoti ya wakaguzi wa elimu, Ofsted, ilishauri kujenga juu ya mafanikio ya ubia uliovunjwa. Mwezi uliofuata serikali ilitangaza ruzuku ya michezo kwa shule za msingi, pauni milioni 150 kwa mwaka. Kila shule yenye wanafunzi 17 au zaidi ilipata pauni 8,000 na nyongeza ya pauni 5 kwa kila mwanafunzi, moja kwa moja mikononi mwa mwalimu mkuu. Mwaka 2017 ruzuku iliongezwa hadi pauni milioni 320 kwa mwaka, ikitegemea kodi mpya ya vinywaji vyenye sukari. Kiasi hicho kilikuwa karibu mara mbili ya kile kilichokatwa 2010, lakini kiligawiwa shule moja moja, na zilizotaka kukodi mratibu wa pamoja zilichangiana zenyewe.